Gari dogo, bei ndogo: mwongozo kamili wa kupima umbo na thamani kabla hujatoa pesa

"Kaka, hii vipi?" Ujumbe unakuja na picha moja tu: Toyota IST ya silva iliyopigwa picha kutoka ubavuni, rimu zinang'aa, tairi zimepakwa dawa mpaka zinaonekana kama zimelowa. Hujakaa sawa, mke wake naye anakutumia Vitz nyekundu. "Mwambie hii ndiyo nzuri." Wiki tatu baadaye swali linarudi likiwa limebadilika sura: kwa nini giaboksi inagonga, kwa nini mlango wa nyuma haufungi vizuri, kwa nini kadi ya gari ina jina la mtu ambaye hapokei simu.

Wanaoniandikia wengi wanakwama pahali pamoja. Wanabishana kuhusu sura ya gari mpaka wanachoka, kisha wananunua kwa uchovu. Utaratibu ulio hapa chini ni wa mtu anayenunua gari dogo la Kijapani lililotumika hapa Tanzania, na sehemu kubwa utamfaa hata aliyeko Mombasa au Kisumu. Sisemi umbo halina maana. Macho yana zamu yake, ila zamu hiyo si ya kwanza.

## Vitu vya kuwa navyo

- Futi ya fundi, ile ya chuma inayojikunja.
- Sumaku ndogo ya friji iliyofungwa kitambaa laini ili isikwaruze rangi.
- Tochi. Mwanga wa simu ni hafifu kwa uvungu wa gari.
- Skana ndogo ya OBD, ile inayosoma makosa kwenye kompyuta ya gari, inayounganishwa na simu kwa bluetooth. Kama huna, fundi wako atakuwa nayo.
- Kitambaa cheupe au tishu, kwa ajili ya mafuta.
- Kipande cha boksi cha kulalia chini.
- Daftari na kalamu. Ukiandika kwenye simu utaishia kujibu meseji.
- Fundi uliyemchagua mwenyewe. Fundi aliyeletwa na dalali ni wa dalali.
- Mtu mmoja wa familia ambaye ndiye atakayekaa kiti cha nyuma kila siku.

Chukua na muda: asubuhi nzima kwa gari moja. Mpigie muuzaji jana yake, mwambie asiwashe injini mpaka ufike.

## Hatua ya 1: Gawa pesa kabla hujaangalia gari lolote

Tuseme una milioni 12. Gari lako si la milioni 12. Toa kwanza bima, ada za kuhamisha umiliki TRA (Mamlaka ya Mapato), sevisi ya kwanza na tairi, maana magari mengi haya yanauzwa na tairi zilizokwisha chini ya ile dawa ya kung'arisha. Mimi huweka pembeni asilimia 15 nzima. Inayobaki ndiyo bei ya gari.

Ukiagiza mwenyewe kutoka Japani, hesabu ni nyingine. Kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25 na VAT ya asilimia 18, na hapo katikati kuna ushuru wa bidhaa unaofuata ukubwa wa injini: injini isiyozidi cc 1000 hailipi, inayozidi hapo mpaka 2000 inalipa asilimia 5. Vitz ya cc 996 na IST ya cc 1298 zinaachana hapohapo, hata kama huko zilikonunuliwa bei zilikaribiana. Gari likishazidi miaka 8 tangu litengenezwe linaongezewa ushuru wa uchakavu, na likipita 10 ushuru huo unapanda.

Tahadhari: usipige hesabu kwa bei uliyolipa kwa muuzaji wa Japani. TRA wana thamani zao kwa kila modeli na mwaka, na kikokotoo chao kiko mtandaoni bure. Ingiza modeli, mwaka na injini, usome jibu, kisha uingize tena mwaka mmoja mbele. Mara nyingine gari jipya zaidi kwa mwaka mmoja linashuka gharama za bandarini kwa sababu limekwepa mstari wa uchakavu.

Ukimaliza hatua hii una namba moja kwenye daftari, imezungushiwa duara, na wewe na mwenzako mmeikubali kabla picha yoyote haijafunguliwa.

## Hatua ya 2: Andika safari, usiandike ndoto

Andika gari litakwenda wapi kwa wiki. Kimara hadi Posta kwenye foleni? Goba, Madale au Kigamboni ndani kwenye barabara ya vumbi? Moshi mara moja Desemba na mizigo juu ya magoti?

Injini ya cc 1000 ni tamu mjini. Inakunywa kidogo na inaingia popote. Ijaze watu wazima watano, washa AC, kisha uipandishe Kitonga, utajua kwa nini malori yanakupita. Kama safari za namna hiyo ni mbili kwa mwaka, vumilia. Zikiwa mbili kwa mwezi, anza na cc 1300 au 1500 na usirudi nyuma.

## Hatua ya 3: Bishaneni namba ya chesisi, msibishane jina

Hapa ndipo mabishano mengi yanapopotelea. Mmoja anasema "Vitz ni gari dhaifu", mwingine anasema "Vitz haifi", na wote wawili wanasema kweli, kwa sababu wanaongelea magari tofauti yenye jina moja. Jina liko kwenye buti. Gari lenyewe liko kwenye kodi ya chesisi (kodi ya "code", si ya TRA), ile inayoanza namba kwenye kadi na kwenye kibati cha chumba cha injini.

Vitz. SCP10 ni ile ya kwanza, ya duara, iliyotoka 1999. KSP90 ni ya kuanzia 2005, cc 996, silinda tatu, injini ya 1KR-FE. SCP90 ina umbo hilohilo ila ni cc 1300 na silinda nne. KSP130 ni ya kuanzia mwishoni mwa 2010, yenye wiper moja kubwa mbele, na geji zake zimerudishwa nyuma ya usukani badala ya kukaa katikati ya dashibodi.

Passo. KGC10 inatumia 1KR-FE ileile ya Vitz. Ukisikia mtu akisema "Passo injini mbovu, Vitz injini nzuri", muulize anaongelea ipi. QNC10 ni ya cc 1300. Zimetengenezwa na Daihatsu, ndiyo maana bodi yake haifanani na ndugu zake.

IST. NCP60 ni cc 1300 ya 2NZ-FE, NCP61 ni cc 1500 ya 1NZ-FE. Zote zilianza 2002 na giaboksi zake za otomatiki zina gia nne za kawaida. Umbo la pili, la 2007 kuendelea, ni NCP110 na ZSP110: limenenepa, na ile ya 1500 imewekewa CVT, giaboksi isiyo na gia za kuhesabu.

Wasioipenda IST husema ni Vitz iliyovaa viatu. Kuna ukweli kidogo: IST inavaa rimu za inchi 15 ambapo Vitz ya cc 1000 inavaa za 14 nyembamba, na sehemu ya "ubabe" wake inatoka hapo. Lakini bei yake haishikiliwi na rimu, inashikiliwa na injini. Hiyo 1NZ-FE ndiyo iliyomo kwenye Raum, Runx ya 1500, Premio ya 1500 na Probox ya 1500. Ukiharibikiwa Makambako saa moja usiku, kuna mtu pale ana koili yake. Hiyo ni thamani ambayo huioni kwenye picha, na ndiyo inayoifanya IST ya zamani iuzwe bei inayowakera watu.

Nyingine, kwa haraka. Honda Fit GD1 ina nafasi kuliko zote hizi, kwa sababu tanki la mafuta liko chini ya viti vya mbele na kiti cha nyuma kinakunjika hadi sakafuni. Ina plagi nane badala ya nne, na CVT inayotaka mafuta yake maalumu bila mbadala. Nissan March K12, yenye macho yaliyotokeza kama ya chura, ni gari la haki kabisa linalouzwa bei ya chini kwa sababu watu wanacheka sura yake. Mazda Demio ya 2007 kuendelea ni nyepesi na inageuka vizuri kuliko zote nilizotaja. Ulizia vipuri vyake mjini kwako kwanza.

Wasomaji wa Kenya: kule gari lililozidi miaka 8 haliruhusiwi kuingizwa, kwa hiyo hizi za zamani mtazikuta kwa mitumba ya ndani tu.

Hatua hii imekamilika orodha yenu ikiwa na kodi mbili au tatu. "KSP90 au NCP60" ni mjadala unaoweza kuisha. "Vitz au IST" hauishi.

## Hatua ya 4: Geuza kila sifa ya umbo iwe shilingi

Chora safu mbili. Kushoto andika kila kitu kinachokuvutia au kukuudhi kwenye sura ya gari. Kulia andika kinaleta au kinakula nini: nafasi, kuona barabara, gharama ya kutengeneza, au bei ya kuuzia baadaye. Kisichoangukia popote kikate. Kitakuwa ni hamu tu, na hamu ina haki yake mwishoni.

Mifano kutoka daftari langu:

*Urefu kutoka ardhini.* Pima kwa futi kutoka chini hadi sehemu ya chini kabisa ya tumbo la gari, si hadi kwenye bampa. Gari lililoshushwa springi linapendeza likiwa limesimama yadi. Tuta la kwanza la mtaani kwenu litakwaruza bomba la moshi.

*Paa la nyuma.* Paa linaloshuka kwa nyuma linaleta sura ya haraka na kumnyima mtu mrefu kichwa. Mwambie yule mtu wa familia akae nyuma, mgongo wote uguse kiti. Kama anainamisha shingo, andika. Kwenye baadhi ya Vitz za 2005 hadi 2010 kiti cha nyuma kinateleza mbele na nyuma. Kijaribu, maana kinabadilisha buti kutoka la mkoba mmoja kuwa la mtungi wa gesi na gunia la mkaa.

*Rangi.* Nyeupe ya kawaida, silva na nyeusi zinauzika. Nyeupe ya lulu inapendeza jua la jioni, lakini ikikwaruzwa mlango mmoja, fundi rangi inabidi apige tabaka zaidi, na wachache wanaipatia. Pinki na kijani cha limau zinakupa punguzo wakati wa kununua, kisha zinalidai punguzo hilohilo wakati wa kuuza. Kama hutauza kwa miaka sita, chukua pinki ucheke njiani.

*Taa kubwa za plastiki.* Kwa jua letu zinapata ukungu wa njano. Kusugua ni kazi ya bei rahisi. Taa nzima iliyopasuka ni pesa. Piga simu duka la vipuri Kariakoo uulize bei ya taa moja ya modeli yako kabla hujaipenda.

*Dashibodi ya katikati.* Vitz ya kwanza na ya pili na IST ya kwanza zina geji katikati. Wengine wanaichukia kabisa. Utaizoea kwa siku nne. Thamani yake ni sifuri pande zote mbili, ikate.

*Rimu kubwa za kubandika.* Zinaongeza sura na kupunguza tairi. Tairi nyembamba kwenye mashimo ya Mbagala inavimba ubavu. Ukikuta rimu kubwa, uliza zile za mwanzo ziko wapi, na ziingie kwenye bei.

## Hatua ya 5: Soma karatasi kabla ya kusoma gari

Omba picha ya kadi kabla hujapanda bodaboda kwenda kuona. Linganisha jina la kwenye kadi na kitambulisho cha anayeuza, soma mwaka wa kutengenezwa, namba ya chesisi na namba ya injini. Kagua faini za barabarani za gari hilo kwenye mfumo wa polisi mtandaoni. Deni la faini linafuata namba ya gari, na kesho namba hiyo itakuwa yako.

Sasa lile la "namba D" na "namba E". Watu wanalipa zaidi kwa sababu ya herufi ya kwenye kibao cha namba. Herufi inakuambia gari lilisajiliwa lini hapa nchini, haikuambii lilitengenezwa lini. Kuna IST ya 2003 yenye namba E na IST ya 2006 yenye namba D, na mara nyingi ya kwanza inauzwa ghali. Namba mpya ina faida moja ya kweli: gari limekula miaka michache ya barabara zetu. Hiyo ina bei, lakini si bei ya kufuta miaka mitatu ya chuma.

Ikiwa gari limekuja karibuni, omba karatasi ya mnada ya Japani. Hata kama husomi Kijapani, mchoro wa gari uliomo unasomeka: A ni mkwaruzo, U ni bonyeo, W ni pahali palipotengenezwa, S ni kutu, XX ni kipande kilichobadilishwa. Namba pembeni yake ikiwa kubwa, hali ni mbaya. Daraja la R au RA maana yake gari liligongwa likatengenezwa. Haina maana ulikimbie. Maana yake hulipi bei ya daraja la 4, la gari lisilogongwa.

Kadi "iko kwa wakili", "iko kwa kaka", "iko benki"? Funga daftari. Usiende.

## Hatua ya 6: Bodi, kwa mikono kabla ya macho

Niliwahi kununua gari dogo jeusi kwa sababu ya weusi wake. Liling'aa hivi kwamba nilijiona ndani ya mlango. Miezi miwili baadaye fundi anabadilisha betri akaniita: "Bosi, hili gari ni silva." Alikuwa ameshika kibati cha chumba cha injini. Kodi ya rangi ilisomeka 1F7, ambayo kwa Toyota ni silva. Tukavuta mpira wa mlango, chini yake silva tupu. Hakuna anayepaka rangi gari zima bila sababu, na sababu yangu niliikuta kwenye chesisi ya nyuma, imenyooshwa na kuchomelewa.

Kwa hiyo anza na kibati. Tafuta kodi ya rangi: kwa Toyota 040 ni nyeupe, 202 ni nyeusi, 1F7 ni silva, nyingine utazipata mtandaoni kwa dakika moja. Isiyolingana na bodi inadai maelezo.

Pitisha sumaku polepole juu ya milango, mabawa, paa na mlango wa buti. Pahali inapolegea ghafla kuna pati nene. Bampa ni plastiki, usizijaribu ukafikiri umegundua kitu.

Angalia vichwa vya bolti za boneti na za mabawa. Rangi iliyokwaruzwa kwenye kona za bolti inasema boneti au bawa lilishatolewa. Soma alama ndogo kwenye kila kioo. Kimoja kikiwa cha kampuni tofauti, kilibadilishwa. Vuta mkanda wa kila kiti hadi mwisho, kuna lebo yenye tarehe ya kutengenezwa. Ikiwa mkanda wa dereva ni mpya kuliko gari, uliza ule wa zamani ulikatika vipi. Mkanda wenye mstari wa tope mwishoni ni habari nyingine, ya mafuriko: nyanyua kapeti ya buti, gusa chini ya tairi la akiba, nusa.

Kisha kagua raba za pedali, usukani na kiti cha dereva. Kilomita 60,000 haziwezi kula raba ya breki mpaka chuma. Mara nyingine ukingo wa mlango una stika ya Kijapani ya kubadili oili yenye tarehe na kilomita. Heisei 20 ni 2008, Reiwa 1 ni 2019. Nimeshakuta stika ya 2015 yenye kilomita nyingi kuliko dashibodi ya leo.

Kama alama za kishikio cha simu ziko kwenye dashibodi, na kiti cha nyuma kimechakaa kuliko cha mbele, gari lilikuwa la abiria wa mtandao. Si dhambi. Ila kilomita zake ni za kazi, bei yake iwe ya kazi.

## Hatua ya 7: Injini baridi

Gusa boneti ukifika. Ikiwa ya moto na si kwa jua, huenda muuzaji ameipasha injini ili kuficha kitu. Kunywa chai, subiri ipoe, au rudi kesho.

Kabla ya kuwasha, toa kijiti cha oili ufute kwa kitambaa cheupe. Fungua kifuniko cha oili: utando wa rangi ya maziwa ya chai ndani yake ni dalili ya maji kuingia kwenye oili. Fungua rejeta, likiwa baridi tu. Maji yaliyogeuka kutu yanasema hapakuwa na kulanti kwa muda mrefu.

Washa funguo bila kupiga stata. Taa ya injini lazima iwake hapo. Injini ikishaunguruma lazima izime. Isipowaka kabisa, kuna mtu ameitoa au ameiziba. Hiki ni kipimo cha sekunde mbili na kimeokoa watu wengi kuliko ushauri wangu mwingine wote.

Chomeka skana. Usisome makosa tu, soma pia kama vipimo vya ndani vya gari vimekamilika. Vingi vikionyesha havijakamilika, makosa yamefutwa jana au leo asubuhi.

Sasa sikiliza. Vitz na Passo za silinda tatu zinatetemeka kidogo zikiwa zimesimama. Ndivyo zilivyo, usidanganywe ukabadilishiwe maunti (raba zinazoshikilia injini) bila sababu. Mtetemo unaorusha saitimira, huo si wa kawaida. Injini zote hizi za Toyota nilizozitaja ni za cheni, kwa hiyo "imebadilishwa taiming belti juzi" ni sentensi ya mtu asiyejua anachouza. Mlio wa cheni unaodumu baada ya sekunde chache za kuwasha unasema oili ilisahauliwa. Moshi wa bluu ni oili inayoungua.

## Hatua ya 8: Endesha kwenye foleni, si kwenye lami tupu

Muuzaji atakupeleka barabara iliyonyooka. Mshukuru, kisha elekea kwenye foleni.

Weka AC mwisho. Baada ya dakika 20 bado iwe inapoza gari likiwa limesimama. Vitz ya KSP90 na Passo ya KGC10 hazina geji ya joto, zina taa ya bluu wakati wa baridi na nyekundu wakati umeshachelewa. Acha skana imechomekwa usome joto la maji kwenye simu. Liende kuelekea nyuzi 90 na litulie hapo. Likipanda taratibu bila feni kulirudisha, andika rejeta na feni kwenye daftari.

Giaboksi ya gia nne ibadilishe bila kugonga, ikiwa baridi na ikiwa ya moto. Toka P kwenda R, kutoka R kwenda D, breki ikiwa imekanyagwa: kishindo kinachotikisa kichwa si cha kawaida. Kwa Fit ya GD1 fanya jambo moja zaidi: ondoka taratibu kutoka kusimama, mara kumi. Ikitetemeka kama inayosuguliwa na mawe, hiyo ni klachi ya kuanzia ya CVT, ugonjwa wake unaojulikana. Mafuta sahihi wakati mwingine huutibu. Wakati mwingine hayautibu, na wewe ndiye utakayejua.

Kata kona hadi mwisho mahali pa wazi, kushoto na kulia. Mlio wa tak-tak-tak ni draivu shafti. Pita kwenye tuta kwa mwendo wa kutembea: kila kugonga kwa chini kuna jina (shokapu, bushi, boli joiti), na fundi wako alitaje ukiwa unasikia.

Hatua hii imekwenda vizuri ukirudi yadi na orodha ya kasoro. Gari lisilo na kasoro hata moja baada ya miaka 15 limekaguliwa vibaya.

## Hatua ya 9: Zamu ya macho

Sasa rudini nyuma hatua kumi mlitazame. Mke wako, ndugu yako, yule aliyekaa nyuma. Magari mawili yaliyovuka hatua ya 8 yakiwa sawa kwa hesabu, chukueni zuri. Mtu anayelipenda gari lake analiosha, na anayeliosha anaona oili inavuja mapema.

Kama mnaendelea kubishana, kata mjadala kwa swali moja: tofauti ya bei kati ya haya mawili, ukiitoa taslimu mezani, ungeinunua sura hii kwa kiasi hicho? IST ikizidi Vitz kwa milioni 3, sema "milioni 3 kwa rimu kubwa, cc 300 na urahisi wa kuuza." Kuna mwenye safari za Moshi atakayesema ndiyo haraka. Anayeishia Kimara mara nyingi anakaa kimya, halafu anaanza kuitazama Vitz upya.

## Hatua ya 10: Bei, malipo na kadi

Kabla ya kutaja bei, piga simu duka la vipuri uandike bei ya kila kasoro pamoja na ufundi. Soma orodha kwa muuzaji kwa sauti ya kawaida, bila kulitukana gari. "Shokapu mbili za mbele, feni ya rejeta, tairi nne. Jumla ni hii. Naomba itoke." Muuzaji anayejua gari lake atakata sehemu. Asiyetaka kukata hata shilingi baada ya kuona daftari, muachie namba yako ya simu uondoke. Wengi wanapiga jioni.

Mkataba wa mauziano uandikwe mbele ya wakili, uwe na namba ya chesisi, ya injini, bei na saa ya kukabidhiana. Saa ina kazi yake: faini ya kamera ya saa 4 asubuhi ni ya nani? Lipa kwa benki kwenda akaunti yenye jina lililo kwenye kadi. Usimpe dalali pesa ya gari mkononi, hata awe jirani yako. Yeye ana kamisheni yake.

Nendeni wote TRA kuhamisha umiliki siku hiyohiyo au kesho yake, mkiwa na TIN, vitambulisho na kadi halisi. "Utahamisha tu ukipata nafasi" ndiyo sentensi inayozaa wamiliki wasiopokea simu.

Kabla ya safari yoyote ndefu badilisha oili, filta, plagi na mafuta ya giaboksi, yale ambayo mafundi wanayaita haidroliki, kwa aina iliyoandikwa kwenye kijiti chake au kitabu cha gari. Kwa yenye CVT, kama duka halina aina hiyo, subiri mpaka iletwe. Chupa ya "inafaa gari zote" irudishe kaunta.